Kati ya Kukubaliwa na Kukabidhiwa

(Hotuba kwa vijana wa vyuo waliokulia Katumba, Mishamo na Ulyankulu, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi magharibi mwa Tanzania, waliokutana Mpanda)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za kazi. Na ninyi wanangu, marahaba, nimezipokea zote tangu pale mlangoni.

Barua mliyoniletea inaniomba nizungumzie historia ya uraia wetu. Nimeisoma mara kadhaa, nikaona nikiifuata ilivyo tutakesha hapa. Mambo ya kukimbia mmeyasikia kwa bibi zenu, na mambo ya siku ya vyeti mmeyaona kwenye picha zilizotundikwa sebuleni. Kuna kipande cha katikati ambacho watu wetu hawapendi kukisimulia, labda kwa sababu hakina tukio la kupigia picha. Ni kipindi cha kuanzia Aprili 2010, tulipotangaziwa kwamba tumekubaliwa kuwa raia wa Tanzania, hadi Oktoba 2014 vyeti vilipoanza kutolewa. Ninyi mlikuwa watoto wa chekechea, wengine bado mnabebwa mgongoni. Nataka leo nikae hapo.

Yaliyotangulia nitayapita haraka. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu, na iliwatafuta kwanza waliosoma: walimu, makarani, wachungaji, wanafunzi. Baba yangu alikuwa katekista. Kujua kusoma na kuandika kulitosha kumfanya mtu atafutwe. Tukavuka. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ikatupokea, na kwa hilo midomo yetu isichoke kushukuru. Ulyankulu ilianza mwaka huohuo wa 1972, Katumba ikafuata 1973, na Mishamo ikafunguliwa 1978 baada ya Ulyankulu kuzidiwa na watu. Mishamo kila kaya ilipimiwa hekta 5 za pori la miombo lenye ndorobo na tembo. Wazazi wetu wakalifyeka. Kufikia 1985 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, iliyakabidhi makazi mikononi mwa serikali, kwa kuwa tulikuwa tunajilisha wenyewe na tunauza ziada. Mahindi na maharage ya Katumba yalipanda treni ya Mpanda kwenda kulisha watu ambao hawakujua kwamba aliyelima ni mkimbizi.

Lakini wakimbizi tulikuwa. Alitutawala mkuu wa makazi, wala hatukuwa na diwani. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali chenye siku ya kwenda na siku ya kurudi. Nilifundisha darasa la tatu miaka mingi wimbo wa taifa nikiwa na kibali cha aina hiyo kwenye mkoba.

Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na UNHCR zilielewana juu ya mpango wa kulimaliza jambo hili. Watu tukahesabiwa, na kila kaya ikaulizwa swali moja: mnarudi au mnabaki na kuomba uraia? Karibu mmoja kati ya watano alichagua kurudi, na zaidi ya watu 50,000 wakarudi kweli. Kuna familia zilizogawanyika kwenye swali hilo, kaka huku na dada kule, na msidhani walifanya hivyo bila machozi. Sisi wengine tukaomba uraia wa tajnisi, yaani uraia anaopewa mgeni kwa kuomba, chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mengine yote yanategemea hapa.

Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo aliyeomba alitakiwa pia aukane uraia wa Burundi. Nilimsindikiza baba. Ilikuwa chini ya mwembe, meza mbili za shule yetu zimeunganishwa, kitambaa cheupe kimefungwa kwenye kamba kwa ajili ya picha, na kidau cha wino wa alama za vidole kikipita kutoka mkono hadi mkono. Afisa alikuwa kijana wa heshima. Alimuuliza, “Mzee, umeelewa kwamba ukisaini hapa unaacha kuwa Mrundi?” Baba akaomba maji. Wakamletea kwenye kikombe cha bati, akanywa yote. Halafu alikataa kuweka dole gumba kama wazee wengine walivyofanya. Aliomba kalamu, akaandika jina lake zima, herufi moja moja, kwa ule mwandiko wa kulala wa makatekista wa zamani. Foleni ilisimama ikimsubiri amalize, na hakuna aliyemharakisha.

Naweza kuwaambia kwamba siku ile baba alikuwa na furaha. Alikuwa ameishi Katumba miaka mingi kuliko alivyoishi Bururi. Amezika mke hapa, amepata wajukuu hapa. Alitia saini akiamini anatoka chumba kimoja na kuingia kingine, na mlango wa pili uko wazi.

Aprili 2010 tangazo likatoka: watu zaidi ya 162,000 tumekubaliwa. Ni nchi chache zilizowahi kuwapa uraia wakimbizi wengi namna hiyo kwa mkupuo mmoja. Dunia ilishangaa, na ilikuwa na haki ya kushangaa. Makanisani tuliimba mpaka sauti zikakauka. Watu walinunua nguo za kupokelea cheti. Mimi mwenyewe nilishonesha gauni la kitenge.

Cheti hakikuja.

Mpango ulikuwa na sharti. Makazi yalikuwa ya wakimbizi, na wakimbizi wakiisha makazi nayo yaishe. Sisi raia wapya tulipaswa kuhama Katumba, Mishamo na Ulyankulu, tusambazwe kwenye mikoa 16, tuchanganyike na Watanzania wengine. Cheti ungekipata ukishahama, huko unakokwenda. Uamuzi wa kutukubali ulikuwa umeshafanywa na kutangazwa, lakini karatasi inayouthibitisha ilibaki imeshikiliwa kama ahadi ya mwisho wa safari.

Nataka niwatendee haki waliopanga hivyo. Nimekaa miaka mingi nikilifikiria hili, na sioni kwamba ilikuwa roho mbaya. Serikali ilikuwa na hofu kwamba watu wa asili moja wakibaki mahali pamoja, kwa maelfu, watabaki kisiwa ndani ya nchi. Nchi hii imejengwa kwa kuchanganya watu: mwanafunzi wa Bukoba anasoma Mtwara, mwalimu wa Tanga anafundisha Sumbawanga. Walitutakia jambo hilohilo. Tena ilikuwepo ardhi, na misitu iliyozunguka makazi, na wananchi majirani waliokuwa wakiuliza makazi yatarudishwa lini.

Lakini kwa upande wetu ilionekanaje? Mtu ana shamba alilolitoa porini kwa shoka. Ana kisima alichochimba, kanisa alilosaidia kulipaua, makaburi ya wazazi nyuma ya migomba. Anaambiwa aende wilaya asiyoijua, ambako hana ndugu, na wenyeji wa huko hawajaulizwa kama wana ardhi ya kumpa. Viongozi wa baadhi ya sehemu tulikopangiwa walianza kulalamika. Fedha za kuhamisha watu hazikufika zote zilizotarajiwa. Agosti 2011 kuhama kukasimamishwa.

Na hapo ndipo ulipoanza ule mwaka wa pili, na wa tatu, na wa nne, ambao ndio nimekuja kuusema. Kuhama kumesimama, na cheti kimefungwa kwenye kuhama. Hatukuambiwa mpango umekufa, wala hatukuambiwa unaendelea. Burundi tumeshaikana. Tanzania imeshatukubali kwa mdomo. Ukimbizi umeshaisha, maana kwenye hesabu za wakimbizi tumetolewa. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo akisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani akaulizwa yeye ni nani, ajibu nini?

Mimi nilisimamishwa. Nilikuwa kwenye basi, nakwenda kumuona mdogo wangu aliyekuwa amelazwa. Aliyetukagua aliniomba kitambulisho, nikamwonyesha karatasi niliyokuwa nayo ya kwamba ombi langu limekubaliwa. Akaisoma yote, mbele na nyuma. Akasema, “Mama, hii inasema umekubaliwa. Haisemi wewe ni raia.” Sikumjibu, kwa sababu alikuwa amesoma sawasawa. Akaniuliza kama nina kibali cha kutoka makazini. Sikuwa nacho, nilishakubaliwa, kibali cha nini tena? Abiria wengine walikuwa wanasubiri, jua linawaka. Aliniachia mwishowe kwa huruma yake, na nilimshukuru. Lakini mtu mzima, mwalimu, kupita barabara ya nchi yake kwa kuhurumiwa, ni jambo linaloingia ndani na kukaa.

Oktoba 2010 nchi ilipiga kura. Tulisikiliza kampeni redioni, tukawajua wagombea wote, tukabishana usiku kucha. Siku yenyewe tukaenda shamba.

Watu wa nje wakisikia neno kusubiri wanafikiri ni kukaa. Wanadhani mtu anaendelea na maisha yake, na siku moja karatasi inafika. Sivyo. Kusubiri kwa namna ile kuliingia kwenye kila uamuzi wa nyumbani. Je, nipande michungwa? Mchungwa unataka miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na mimi naweza kuambiwa nihame kesho kutwa. Nichome tofali? Nitaezeka bati kwenye nyumba itakayobomolewa? Niliona nyumba zikivuja zisizibwe, watu wenye uwezo wa kuziba. Niliona shule yangu ikipoteza milango na madirisha, na hakuna aliyeweka fedha kwenye shule ya mahali panapofungwa. Zahanati hivyohivyo. Hata mbuzi watu walipunguza, kwa maana utawasafirisha vipi?

Vijana waliomaliza kidato cha nne miaka ile ndio walionitoa machozi. Walikuwa wanafunzi wangu wa zamani, wenye akili nzuri. Fomu ya kuendelea na masomo ina mahali pa uraia. Ukijaza Mtanzania, wanataka uthibitisho. Ukijaza Mrundi, umesema uongo, tena utatozwa ada ya mgeni. Ukiacha wazi, fomu haikamiliki. Binti mmoja alinijia na fomu yake imefutwafutwa kwa raba mpaka karatasi imetoboka mahali pale. Hakwenda mwaka ule. Alipokuja kupata cheti alikuwa na mtoto wa pili.

Na watoto waliozaliwa katika miaka ile? Wazazi walikuwa wakiniuliza, Mwalimu, huyu nimwandikishe ni nani? Mama yake si Mrundi tena na bado hajawa Mtanzania mkononi. Sikuwa na jibu la kuwapa. Niliwaambia watunze kadi ya kliniki, kwa sababu angalau ile ilikuwa na tarehe, jina na mhuri.

Baba alifariki mwaka 2012. Aliugua kifua muda mrefu, akatutoka alfajiri ya Jumapili. Wakati wa kuandika wasifu wa marehemu wa kusomwa kaburini, kaka yangu aliniachia kalamu. Nikaandika alikozaliwa, mwaka aliovuka, mwaka aliofika Katumba, watoto, wajukuu. Halafu mzee wa kanisa akasema tuongeze kwamba marehemu alikuwa raia wa Tanzania. Kaka akasema hapana, tusiandike lisilo na cheti, wasije wakatusumbua. Wakabishana, kwa sauti ya chini kwa sababu ya msiba. Mwishoni tuliandika “mkazi wa Katumba.” Ni kweli alikuwa mkazi wa Katumba. Alikuwa pia mtu aliyekana nchi moja kwa mwandiko wake mwenyewe, akaitumikia nyingine kwa jembe miaka karibu 40, na akafa hana hata moja iliyomwandika kuwa ni wake. Hakuwa peke yake. Hesabuni wazee wa mitaa yenu walioondoka kati ya 2010 na 2014, mtawapata.

Ndiyo maana nasema, na nitalisema mahali popote nitakapopewa nafasi: mtu akishakubaliwa uraia, apewe cheti. Sheria ilivyo, anayekubaliwa hula kiapo cha utii na kukabidhiwa cheti chake. Mambo hayo yanatakiwa kufuatana. Kama serikali inataka raia wake wahame mahali, iwahamishe wakiwa raia, wakiwa na haki ya kuuliza, ya kukataa, ya kwenda mahakamani, ya kumwandikia mbunge wao. Ukimwekea mtu sharti wakati ameshaachia alichokuwa nacho na bado hajapokea alichoahidiwa, umemkuta hana pa kushika. Hawezi kukubali kwa hiari wala kukataa kwa hiari. Wenzetu wengine walikubali kuhama, si kwa kupenda walikokuwa wanakwenda, ila kwa sababu walikitaka cheti. Wengine walikaa, wakaonekana wakaidi. Majirani waliokula pamoja tangu utoto waliacha kusalimiana kwa ajili ya hilo, wanaohama wakiwaambia wanaokaa kwamba ninyi ndio mnatucheleweshea, na wanaokaa wakiwajibu kwamba ninyi mnauza makaburi ya wazazi wenu. Mgawanyiko ule ulikuwa mkubwa Mishamo, na mnajua ninyi mliotoka huko kwamba haujapona wote.

Nisiseme kwamba watu walikunja mikono. Nimewaona wakina mama waliokopeshana kwenye vikundi vyao bila benki, kwa daftari moja la kurasa 64, na hakuna senti iliyopotea. Nimewaona wazee waliokwenda kwa kila kiongozi aliyepita, wakavua kofia, wakaomba kwa adabu, wakaambiwa subirini, wakarudi tena. Hawakufunga barabara wala kuchoma kitu. Subira ile ilikuwa na kazi ndani yake, na mimi nasikitika ninapoona vijana wakiidharau, wakisema wazee wetu walikuwa waoga. Mzee asiye na uraia wowote, anayesimama mbele ya mkuu wa wilaya na kumkumbusha ahadi ya serikali, si mwoga.

Serikali ilisikia. Hilo nalo liandikwe. Sharti la kuhama liliondolewa, watu wakaruhusiwa kubaki walipo au kwenda wanakotaka kama Mtanzania mwingine yeyote. Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete akiwa mkoani Tabora alikabidhi vyeti vya kwanza, na kugawa kukaendelea huku kwetu hadi mwaka uliofuata. Cha kwangu nilikipokea uwanja wa shule niliyofundisha. Nilikisoma jina langu, nikahakikisha herufi hazijakosewa, kisha nikaketi kwenye nyasi kwa sababu miguu ilikataa. Lile gauni la kitenge lilikuwa limeshampata mdogo wangu.

Cheti cha baba hakikuitwa. Niliuliza kwa karani kama kinaweza kutolewa kwa familia. Akanijibu kwa upole kwamba marehemu hapewi uraia. Nililielewa jibu lake, na bado naliona si haki.

Tarehe 25 Oktoba 2015 tukapiga kura. Mwaka huohuo Burundi ilikuwa imechafuka tena tangu Aprili, na watu walikuwa wakimiminika Kigoma, wanapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Miongoni mwao walikuwemo baadhi ya wale waliotuaga mwaka 2008 na 2009 wakirudi nyumbani kwa ngoma. Wengine wenu mna shangazi na wajomba huko. Sisi tumesimama foleni ya kura, wao foleni ya maturubai, na tumelelewa mtaa mmoja. Mtu akikuambia uraia ni karatasi tu, mpeleke akaone foleni hizo mbili.

Niwatolee mfano wa jirani zetu, halafu nije kwenye ombi langu. Kenya kulikuwa na Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi za mashamba ya mkonge na miwa wakati wa ukoloni. Walikaa vizazi bila vitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Pwani kwenda Nairobi, wakapokelewa Ikulu na Rais Uhuru Kenyatta, naye akaagiza waandikishwe kabla ya Desemba. Kufikia Februari 2017 walikuwa wanakabidhiwa vitambulisho. Walisubiri miaka mingi sana kabla ya kukubaliwa, na hilo ni kosa kubwa. Lakini baada ya kukubaliwa walisubiri miezi. Kwa hiyo inawezekana. Ofisi zikiamua, kati ya neno la kiongozi na karatasi mkononi mwa mama mzee panaweza kuwa na miezi minne.

Ombi langu sasa.

Sisi wa makazi tulimaliza. Kuna wenzetu ambao mwaka 1972 hawakupelekwa makazini. Walibaki vijijini mkoa wa Kigoma, wakapokelewa na wenyeji, wakaoana nao, wakalima pamoja nao. Wako maelfu. Mpango wa 2007 ulilenga makazi yetu matatu, na faili zao hazikwenda pamoja na zetu. Waliandikishwa baadaye, na kusubiri kwao kumezidi kwetu. Mkiwa likizo, ninyi mnaosoma sheria, na ninyi mnaosoma ustawi wa jamii, nendeni mkae nao. Msiende kuwahutubia. Nendeni na kalamu, mwulize kila mzee ana karatasi gani, ya mwaka gani, imesainiwa na nani. Wengi wana karatasi nzuri wasizojua thamani yake, zimekunjwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kenchi, na mchwa hawasubiri. Mwandikieni barua anayehitaji barua. Msaidieni yule ambaye jina lake limeandikwa namna tatu kwenye hati tatu, maana jambo dogo kama hilo linaweza kusimamisha faili mwaka mzima.

La pili ni la nyumbani kwenu. Nimewasikia mkilalamika kwamba mkienda kuomba kitambulisho cha NIDA, au mkifuatilia cheti cha kuzaliwa, kuna ofisi mnaulizwa maswali ambayo wenzenu wa madarasa hawaulizwi. Najua linauma. Jibuni kwa utulivu na kwa karatasi. Cheti cha uraia cha mzazi kisisafiri: toeni nakala, zithibitishwe na hakimu au wakili, halisi kibaki nyumbani mahali pasipofika maji wala panya. Mkiulizwa ninyi ni watu wa wapi, semeni Katumba, Katavi, Tanzania. Akiuliza tena kabla ya hapo mlitoka wapi, mwambieni pia. Kuzaliwa na wazazi waliokimbia mauaji si siri wala si kosa, na raia wa nchi hii hapungukiwi kitu kwa kusema ukweli huo.

La tatu, niandikieni majina. Nataka daftari la waliofariki kati ya Aprili 2010 na siku vyeti vilipofika mtaani kwenu, walioomba na kukubaliwa na hawakukabidhiwa. Kila mmoja aanze na ukoo wake: jina kamili, kijiji alichoishi, mwaka aliofika, mwaka aliofariki, na kama kuna picha ya siku ile ya mwembe, nakala yake. Nimeshaanza na Katumba, nina kurasa kadhaa, na jina la kwanza ni la baba. Wa Ulyankulu na Mishamo, chagueni leo kabla ya chakula mtu mmoja mmoja wa kupokea majina. Yakikamilika tutayapeleka wizarani, tuombe majina hayo yaingizwe kwenye kumbukumbu za serikali kwamba watu hawa walikubaliwa kuwa raia wa Jamhuri ya Muungano. Sheria inaweza isiruhusu kumpa marehemu cheti. Kuandika kwamba alikubaliwa sidhani kama inakataza.

Daftari liko mezani kwa katibu, na kalamu zipo. Asanteni kwa kunisikiliza.